Usiku ule wa kuomba moto

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa PhD, huku pwani ya mashariki ya Marekani, na usiku wenyewe nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha hadubini. Hakina dirisha kile chumba, pazia jeusi zito mlangoni, giza totoro, na hata skrini tumeifunika plastiki nyekundu. Chini ya lensi kuna kipande cha ubongo wa panya, cha hipokampasi, sehemu inayohusika sana na kumbukumbu, chembamba kama kucha, kinaoga kwenye maji ya chumvi yenye oksijeni.

Kwenye skrini unaona tawi la niuroni, yaani seli ya ubongo, tawi lenyewe linaitwa dendraiti, na pembeni mwake vinundu vimechomoza kama uyoga. Hivyo ndo spaini, na kwa kawaida kila spaini ina sinapsi yake, pale niuroni moja inapopokea ujumbe wa nyingine. Darasani nilikuwa nimeelewa kwamba kila sinapsi inaimarika kivyake, hii ikikua ile ya pembeni haihusiki. Ila mwaka 2007 watafiti wawili, Harvey na Svoboda, walionyesha kwamba majirani wanahusika, na mi kazi yangu ilikuwa kulirudia hilo jaribio mpaka mkono uzoee kabla sijaanza la kwangu.

Linaenda hivi. Glutameti, kemikali ambayo niuroni zinatumia kupeana ujumbe, unaiweka kwenye maji ikiwa imefungwa kikemikali, haifanyi kitu mpaka leza iipige, hapo inafunguka palepale ulipolenga, kwenye spaini moja. Ukipiga mara 30 ndani ya dakika moja, kila pigo milisekunde 4, spaini inavimba na inabaki imevimba, hiyo ndo dalili kwamba sinapsi yake imeimarika. Ukipunguza pigo liwe milisekunde 1, inatikisika kidogo halafu inarudi ilivyokuwa. Wiki nzima nilikuwa nimepiga haya mapigo madogo peke yake, spaini baada ya spaini, na hakuna hata moja iliyoshika.

Usiku ule nikampiga spaini wa kwanza kwa nguvu, yale mapigo ya milisekunde 4, akavimba vizuri. Nikahesabu sekunde 90, nikahamia kwa jirani yake, maikroni kama 4 tu pembeni (milimita moja ni maikroni 1,000), nikampa yale mapigo madogo yaleyale ambayo wiki nzima hayakufua dafu. Akavimba. Nikasubiri arudi, dakika tano, kumi, ishirini, hakurudi, mpaka nusu saa imepita bado yupo vilevile na mi nimesimama naangalia skrini mikono kichwani.

Saa saba usiku, Tanzania saa mbili asubuhi, nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujalala mpaka sa hizi?"

Kabla sijasema kitu akaanza kulalamika mkaa umenyeshewa, kiberiti kizima kimeisha bure, ikabidi amtume mdogo wangu kwa jirani akaombe moto, akarudi na kaa moja tu juu ya kipande cha bati, wakalitia katikati ya ule mkaa uliokataa wakapepea kidogo ukashika wote. Aisee nikanyamaza. Nikamwambia mama, hicho hicho ndo nimekiona sasa hivi, kwenye ubongo. Nikamweleza yote, kwamba spaini nayo, jirani akiwa ameshawasha, we unahitaji upepo kidogo tu.

Akauliza, "Na hilo kaa lenu ni nini?"

Swali zuri sana lile. Ni protini, mojawapo inaitwa Ras, ni kama swichi, ikishawashwa inachukua dakika kadhaa kuzimika, na kwa kuwa haizimiki haraka inapata muda wa kutoka kwenye spaini yake, ikatambaa kwenye dendraiti na kuingia spaini za jirani. Mwaka 2008 Harvey na Svoboda, safari hii wakiwa na wenzao akiwemo Yasuda, waliiona ikisambaa chini ya hadubini. Si protini zote zinatoka lakini. Kuna nyingine inaitwa CaMKII, hiyo inazimika mapema, kwa hiyo inabaki humohumo ndani, na Cdc42 nayo haitoki, hizo ni kama jiko lenyewe, jirani hapewi jiko anapewa kaa.

"Akiwa jirani wa mbali je? Maana kaa linazimika njiani."

Mama yangu aliishia darasa la saba, na hilo ndo swali ambalo lile jaribio linauliza. Nikamwambia ni maikroni kama 10, na muda nao ni dakika kama 10, ukichelewa umekuta majivu. Akacheka, akasema haya rudi kazini, uji unamwagika.

Nikarudi. Nikatafuta niuroni nyingine, nikawasha spaini moja, safari hii nikaruka majirani wote wa karibu nikachagua mmoja wa mbali, maikroni 20 na kitu kwenye tawi hilohilo. Mapigo madogo. Akavimba kidogo, nikakaa namwangalia, baada ya dakika chache amerudi kama alivyokuwa. Kwenye daftari la maabara, pembeni ya namba yake, nikaandika kwa Kiswahili: kaa limezimika njiani.