Pasi ya jogoo imeshuka leo

Umeme umekatika tangu alfajiri na sare za watoto zina mikunjo. Basi ile pasi ya mkaa ya bibi, yenye umbo la jogoo kwenye kifungio chake, imeshushwa kutoka juu ya kabati.

Vijana, sikilizeni. Mkaa unawashwa kwanza jikoni. Ukishakuwa mwekundu na moshi umekwisha, ndipo unautia kwenye pasi, usizidi nusu. Ukiuwahisha, shati litanuka moshi siku nzima.

Kisha toka nayo nje, ibembeze mbele na nyuma ipate upepo. Majivu yatokee huko, si juu ya kola nyeupe!

Halafu jani la mgomba.

Unapitisha pasi juu yake, chwaaa! Masizi yanabaki kwenye jani, nta yake inafanya kitako kiteleze. Harufu ile ndiyo utoto wenyewe.

Cheche moja ikiruka kutoka tundu la pembeni, kitambaa cha tetroni kinatoboka papo hapo. Ndiyo maana kaptula nyingi zilikuwa na viraka.

Makaa yanayobaki yamwagwe nje. Kuna familia zilipoteza watu kwa kulala nayo chumbani, madirisha yamefungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Kwenu joto lilipimwa kwa mate au kwa maji? 😄