Kuhesabu Saa za Kila Kituo cha Kazi Kabla ya Kumpa Mteja Tarehe

Mteja anapouliza madawati yake 200 yatakuwa tayari lini, karakana nyingi hujibu baada ya kuangalia mambo mawili tu: kama mabomba na mbao vipo stoo, na kama fundi mkuu anaona kazi hiyo inawezekana. Jambo la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, huachwa bila kuulizwa, nalo ni iwapo kila kituo cha kazi ambacho madawati hayo yatapitia kina saa za kutosha katika wiki ile ile ambayo kazi itafika hapo. Ninafanya kazi ya kupanga uzalishaji katika karakana ya samani za chuma na mbao jijini Dar es Salaam, na nimeandika makala haya kwa ajili ya wenzangu wanaobeba jukumu kama langu, kwa sababu hesabu ya uwezo wa vituo vya kazi haihitaji programu ya gharama kubwa, ilhali kuikosa kunawaumiza mafundi na wateja kwa pamoja.

Upangaji wa mahitaji ya malighafi, ambao wengi wanaufahamu kwa kifupi chake cha MRP, ulienea viwandani baada ya Joseph Orlicky kuchapisha kitabu chake mwaka 1975. Mfumo huo unaanza na oda ya bidhaa kamili, unaichambua hadi kufikia kila bomba, ubao na skrubu, kisha unasema nini kinunuliwe au kitengenezwe, kiasi gani na lini. Udhaifu wake unajulikana tangu mwanzo: unachukulia kwamba muda wa kutengeneza kitu ni ule ule siku zote, kazi ikiwa chache au ikiwa imefurika. Upangaji wa mahitaji ya uwezo uliongezwa ili kuziba pengo hilo. Unachukua oda zote zilizokwisha kufunguliwa pamoja na zile zilizopangwa kufunguliwa, unazipitisha hatua kwa hatua katika vituo vyake, unageuza kila hatua kuwa saa, kisha unajumlisha saa hizo kwa kila kituo na kwa kila wiki.

Kituo cha kazi kinaweza kuwa mashine moja, kundi la mashine zinazofanana, au mafundi wenye ujuzi mmoja wanaoweza kupokezana kazi. Dawati letu la wanafunzi watatu hupitia kukata mabomba, kukunja, kuchomelea, kusaga kwa grinda, kupuliza rangi, useremala wa mbao za juu na za kukalia, kisha kuunganisha. Kila hatua ina muda wa maandalizi, unaotumika mara moja kwa kila fungu la kazi, na muda wa kufanya, unaotumika kwa kila kipande. Ni lazima kuvitenganisha viwili hivi, kwa kuwa fungu la madawati 10 na fungu la madawati 200 hutumia maandalizi yale yale.

Muda wa kufanya haupatikani kwa kumwuliza mtu ofisini. Inabidi kusimama kando ya fundi ukiwa na saa mkononi, kwa adabu na kwa ridhaa yake, na kutazama kazi yenyewe. Mchomeleaji huweka vipande vya fremu kwenye jigi, yaani kiunzi kinachovishikilia mahali pake, hushikiza kila kona kwa pointi, hupima kwa skwea kama pembe zimekaa sawasawa, ndipo anapochomelea mishono kamili upande wa juu. Kisha huigeuza fremu, humalizia upande wa chini, na kugonga takataka za mshono kwa nyundo ndogo. Katikati ya fremu hubadilisha kijiti cha kuchomelea kilichokwisha. Yote hayo ni sehemu ya muda wa kufanya. Lakini akisimama kwa sababu miguu ya dawati haijaletwa kutoka kwenye mashine ya kukunja, huo ni muda uliopotea, nao huhesabiwa mahali pengine. Anayevichanganya hupata muda mrefu kupita kiasi kwa kila dawati, kisha anaadhibu kituo kile kile mara ya pili anapopunguza saa zake kwa sababu ya kusubiri. Katika mfano ninaoutoa hapa, tuseme fremu moja huchukua dakika 18 na maandalizi ya jigi ni saa 1.

Upande wa pili wa hesabu ni saa zilizopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, siku sita, na saa 9 kwa siku. Wachomeleaji watatu, kila mmoja na mashine yake, wanatoa basi saa 135 kwa wiki. Hapo ndipo wapangaji wengi wanapoishia, na hapo ndipo tarehe za uongo zinapozaliwa, kwa sababu hakuna kituo kinachotoa saa zote za kwenye karatasi. Umeme hukatika, mashine huhitaji matengenezo, fundi huugua, vipande huchelewa kufika. Kama rekodi zinaonyesha kwamba kituo hutumika kwa asilimia 80 ya saa zake, na kwamba mafundi hutimiza asilimia 95 ya kazi inayotarajiwa katika saa wanazofanya, uwezo halisi ni 135 mara 0.80 mara 0.95, yaani saa 102.6, sawa na asilimia 76 ya saa za kwenye karatasi. Viwango hivyo viwili lazima vitoke kwenye rekodi za kituo chenyewe, za miezi ya karibuni, na vibadilike hali inapobadilika. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023, mpangaji aliyeendelea kutumia kiwango cha mwaka uliotangulia alikuwa akipanga kazi za karakana isiyokuwepo.

Sasa tutazame wiki moja. Madawati 200 kwa dakika 18 ni saa 60, na ukiongeza jigi ni saa 61. Vitanda vya dabodeka 80 vya shule ya bweni, kila kimoja dakika 35, pamoja na maandalizi ya saa moja na nusu, ni saa 48.2. Mageti 6, kila moja saa 4, ni saa 24. Jumla ni saa 133.2. Mpangaji anayetazama saa 135 ataona kazi yote inaingia, tena inabaki karibu saa mbili, naye atatia saini tarehe kwa moyo mweupe. Anayetazama saa 102.6 ataona kituo kimepewa asilimia 130 ya uwezo wake. Tofauti kati ya watu hawa wawili ni mteja mmoja aliyekwisha kuahidiwa kitu ambacho hakitatokea.

Kuna mtego mwingine, ambao ni wastani. Tuseme wiki iliyotangulia kituo kina mzigo wa saa 58, na wiki inayofuata saa 74. Kwa wiki zote tatu mzigo ni saa 265.2 dhidi ya uwezo wa saa 307.8, sawa na asilimia 86, na taarifa ya mwezi itaonyesha karakana yenye nafasi. Saa za wiki iliyopita, hata hivyo, haziwekwi stoo zikangoja kazi, zisipotumika zimekwenda. Ndiyo maana hesabu hii hufanywa kwa wiki, na kwa kila kituo peke yake. Nafasi kubwa katika useremala haimsaidii mchomeleaji, isipokuwa kama seremala anajua kuchomelea.

Jedwali la mzigo, yaani saa hizi zikiorodheshwa kwa kila kituo na kwa kila wiki, lenyewe halikatai kazi. Linaonyesha tu kwamba wiki ya pili imefurika, na uamuzi unabaki kwa mtu. Njia ya kwanza ninayoitazama ni kuligawa fungu. Vitanda 40 vikichomelewa wiki ya kwanza, wiki hiyo inapanda hadi saa 82.8, ambayo ni asilimia 81, na wiki ya pili inashuka hadi saa 109.8, asilimia 107. Gharama yake ni maandalizi kufanyika mara mbili, yaani saa moja na nusu ya ziada, nayo nimeshaijumlisha. Kabla ya kushangilia, ni lazima kurudi nyuma na kuuliza maswali mawili: je, mabomba ya vitanda 40 yatakuwa yamefika wiki moja mapema, na je, vituo vya kukata na kukunja vina saa za kuvihudumia kabla ya hapo? Kusogeza kazi katika kituo kimoja ni kuisogeza katika vituo vyote vilivyo nyuma yake, na mpango usiohesabu hivyo umehamisha tatizo tu.

Zinabaki saa 7.2 zilizozidi katika wiki ya pili. Ovataimu inaweza kuzibeba, lakini saa za ovataimu nazo hupotea kwa kiwango kile kile, hivyo saa 7.2 za kazi zinahitaji saa 9.5 za kuwapo kazini, takriban saa 3 na dakika 10 kwa kila fundi, zikilipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida kama sheria inavyotaka. Kiasi hicho kinavumilika. Kinachonisikitisha ni karakana inayoifanya ovataimu kuwa mpango wa kila wiki. Sheria inaruhusu saa 50 za ziada katika kila mzunguko wa wiki nne. Kwa mafundi watatu ni saa 150, ambazo baada ya makato ya kawaida ni saa 114 za kazi halisi, zaidi kidogo tu ya uwezo wa wiki moja. Tena, mtu aliyeinama juu ya moto wa kuchomelea kwa saa 11 hatoi mishono ile ile ya asubuhi. Fremu zinazorudi kuchomelewa upya huongeza mzigo kwenye kituo kile kile kilichokuwa kimezidiwa.

Wapo wanaopendelea kujaza kila kituo hadi asilimia 95 au 98 na kuuita huo ufanisi. Nadharia ya foleni inawakatalia waziwazi. Katika mfano sahili kabisa, wa mhudumu mmoja na kazi zinazofika bila ratiba, kituo kilichojaa asilimia 80 huifanya kazi isubiri, kwa wastani, mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Kikifika asilimia 90 ni mara 9, na asilimia 95 ni mara 19. Karakana halisi haifanani kabisa na mfano huo, lakini umbo la mkunjo, yaani kusubiri kuongezeka kwa kasi kadiri kituo kinavyokaribia kujaa, ni lile lile, na kila mtu aliyewahi kuona fremu zikirundikana mbele ya mchomeleaji analijua. Sehemu kubwa ya siku ambazo dawati hukaa karakanani ni siku za kusubiri foleni, ambapo hakuna anayeligusa. Kwa hiyo nafasi inayoachwa kwa makusudi katika kituo chenye msongamano ndiyo inayolinda tarehe ya kukabidhi.

Mzigo pia uwekwe katika wiki yake ya kweli. Dawati la kukabidhiwa Ijumaa ya wiki ya nne haliwezi kuchomelewa wiki ya nne, kwa kuwa baada ya kuchomelea kuna kusaga, rangi, kukauka na kuunganisha. Unaanzia tarehe ya kukabidhi na kurudi nyuma hatua kwa hatua, ukitoa muda wa kila hatua pamoja na muda wa kusubiri, hadi uipate wiki ambayo kuchomelea kunaangukia. Kukauka kwa rangi hakutumii saa za fundi yeyote, ila kunatumia nafasi, na nafasi nayo ni uwezo. Eneo linalotosha fremu 50, rangi ikihitaji siku nzima kukauka, halitatoa zaidi ya fremu 50 kwa siku hata ukiongeza wapuliza rangi kumi.

Mwaka 2016, elimu bila ada ilipoanza na agizo likatoka kwamba madawati ya shule yawe yamekamilika ifikapo 30 Juni, mahitaji ya nchi nzima yalielekezwa kwenye tarehe moja. Mahitaji ya namna hiyo yatakuja tena, iwe kwa madawati, vitanda vya bweni au meza za maabara, na zabuni huandikwa na watu wasiozijua saa za kituo chako. Mwenye jedwali anaweza kujibu siku hiyo hiyo kwamba madawati 120 yatakabidhiwa kwa tarehe iliyotajwa na 80 baada ya wiki mbili, na akaonyesha sababu. Wateja niliowahi kuwapa jibu la aina hiyo walilipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kazi ya mwisho ni ya kila Jumatatu, nayo huchukua muda mfupi. Kwa kila kituo chenye msongamano andika saa za kazi zilizopangwa kuingia na zilizoingia kweli, saa zilizopangwa kutoka na zilizotoka kweli. Zinazotoka zikipungua huku zinazoingia zikiwa kama zilivyopangwa, kituo chenyewe kina shida. Zote mbili zikipungua, tafuta shida katika vituo vya nyuma yake. Na kama kituo cha kuchomelea kilichopangiwa saa 102.6 kimetoa saa 88 kwa wiki kadhaa mfululizo huku foleni mbele yake ikiongezeka, basi uwezo wake ni asilimia 65 ya saa 135, wala si 76, na namba hiyo ndiyo ya kutumia kabla oda nyingine haijapewa tarehe.