Risasi arobaini na chubwi moja

Mwaka 1999 matokeo yangu ya form four yalikuwa yametoka na hayakuwa ya kusimulia, na kama unavyojua kijana wa namna hiyo akikaa nyumbani kila anayepita ana la kumtuma. Mjomba ndo akaniokoa. Alikuwa dereva na msimamizi wa karakana kwenye shamba moja la kahawa njia ya kupanda Kibosho, shamba la mzee wa Kigiriki (zamani Moshi na Arusha Wagiriki walikuwa wengi, kahawa na mkonge, siku hizi ukitaka kuwaona nenda makaburini). Akaniombea kazi ya kufagia karakana na kushika tochi.

Sasa nyuma ya karakana kulikuwa na kachumba kadogo kana mlango wa chuma, na humo mzee alikuwa anatengeneza risasi zake mwenyewe. Mi nilivyosikia nikadhani ni mambo ya gobole, unashindilia baruti na mavyuma unamwomba Mungu. Kumbe wapi. Kulikuwa na presi ya chuma imefungwa kwenye meza ya mvule kwa boliti nne, mizani ndogo kama ya sonara, madai ya chuma (dai ni kalibu la kurudishia ganda umbo) kwenye kopo la biskuti, na daftari. Daftari ndo lilikuwa bosi wa chumba kile, hata mzee mwenyewe alikuwa analiogopa.

Bunduki yenyewe ilikuwa Mauser ya kuwindia, ya Kijerumani, baba yake aliinunua kwa Mjerumani mmoja kabla ya vita ya 1939. Mti wake umekuwa mweusi kwa kushikwa, na ina triga mbili, ya nyuma unaivuta kwanza inasema "ki", halafu ya mbele ukiigusa tu kama unafuta vumbi, imeachia. Vibali vyake vilikaa kwenye bahasha ya kaki na nadhani alivitunza kuliko pasipoti. Shida ilikuwa chakula cha hiyo bunduki. Risasi zake dukani ilikuwa hadithi, kwa hiyo ganda likishapigwa haliondoki, linaokotwa, linarudi mezani.

Mzee alinifundisha taratibu na kwa maneno machache sana. Unapaka ganda mafuta ya mgando kidogo, ukisahau linang'ang'ania kwenye dai na siku yako imeisha. Unalisukuma kwenye presi linarudi umbo lake na fataki ya zamani, kile kikombe kidogo cha kuwashia baruti, inatoka chini. Shingo za maganda zikishatumika mara nyingi zinakuwa ngumu zinapasuka, kwa hiyo alikuwa anazipasha moto kwenye mshumaa huku amelishika ganda kwa vidole upande wa chini, moto ukimfikia vidoleni anasema "hopa!" analitupa kwenye bakuli la maji. Hicho ndo kilikuwa kipimo chake cha joto, vidole vyake.

Wiki ya kwanza tu nikavunja sindano ya kutolea fataki. Maganda ya zamani ya Ulaya mengi yana vitundu viwili vidogo humo chini badala ya kimoja katikati, sasa sindano inashuka katikati inakutana na chuma kitupu, mi nikadhani imekwama nikaning'inia kwenye mkono wa presi, tak. Mzee hakusema kitu. Alichukua spoki ya baiskeli, akaikata, akaisugua kwa tupa mpaka ikawa sindano, ikachukua asubuhi nzima na mimi nimesimama pale. Ningependa angenitukana tu yaishe.

Kwa hiyo kuosha maganda ruksa, kuyapima urefu ruksa, kubandika fataki mpya ruksa akiwepo. Baruti hapana. "Baruti ni mimi tu, kijana," alisema, Kiswahili chake kilikuwa cha Moshi kabisa, ukifumba macho unadhani ni Mchaga amepatwa na mafua.

Mwezi wa sita, ile baridi ya ukungu, nguruwe pori wakaanza kuyamaliza mahindi ya shamba la chini. Mlinzi kila asubuhi anakuja na habari zilezile, mistari mitatu, mistari mitano. Mzee akasema Jumamosi atashuka mwenyewe. Kabla ya hapo alikuwa ana safari ya siku mbili Arusha, na wiki hiyohiyo rafiki yake kutoka Ulaya alikuwa amemletea boksi jipya la vichwa vya risasi, vizuri, vinang'aa kama hereni. Akaliweka kwenye shelfu bila kulifungua, akaondoka.

Hapo ndo akili yangu ya miaka 18 ikafanya kazi. Nikasema huyu mzee akirudi amechoka akute kazi imekwisha. Ufunguo ulikuwa kwa mjomba, nikamwambia mzee kaniagiza nisafishe, akanipa. Nililinganisha vichwa vipya na vya zamani kwenye mizani, vyote greni 196, yaani kama gramu 12.7, sawasawa kabisa. Kwa macho pia sawa. Boksi la zamani limeandikwa 318, jipya limeandikwa 323, nikajua hizo ni namba za mzigo tu, kama kwenye makopo ya maziwa. Nikafungua daftari, nikasoma kipimo cha baruti cha mara ya mwisho, nikapima, nikajaza. Kwenye shelfu kulikuwa na makopo mawili ya baruti na nilichukua moja.

Vichwa vilikuwa vinaingia kwa shida. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nililitafsiri kuwa ni uzuri, nikasema si ndo vinakaa imara. Nilivuta mkono wa presi mpaka bega likauma. Arobaini. Nikazipanga kwenye kile kibao chake chenye matundu, nikachukua moja nikampelekea mjomba aone, akaigeuzageuza akasema "mjomba wangu umeshakuwa fundi", nikalala nimevimba kichwa.

Mzee aliporudi Ijumaa mchana nilisimama mlangoni kama bibi harusi. Shikamoo mzee, marahaba, akaona kibao. Hakuangalia risasi. Aliangalia meza. Chini ya presi kulikuwa na vumbi fulani jekundu sikuwahi kulijali, akalamba kidole akaligusa, akalipeleka dirishani. Zilikuwa chenga za shaba, nyembamba zimejikunja kama maganda ya penseli ukichonga, ila ndogo za kuokota kwa mate.

"Hii imetoka wapi?"

Nikasema sijui mzee. Akachukua risasi moja akapitisha ukucha pale ganda linapokutana na kichwa, ukucha ukakwama. Akalishusha boksi jipya, akasoma ile 323, akakaa kwenye stuli.

Alichofanya baadaye ndo mpaka leo nakifanya na vijana wangu huku Unga Limited nikiwafundisha kutumia maikromita, maana mimi niliishia kuwa fundi wa kuchonga vyuma na naamini kazi hiyo ilianzia siku ile. Alifungua kisanduku cha ndoano zake, alikuwa anapenda kwenda kuvua bwawa la Nyumba ya Mungu, akatoa chubwi. Ile risasi laini ya kuzamishia mshipi. Akaigonga kidogo ikawa nene, akaipaka mafuta, akatoa boliti ya bunduki, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, akaweka chubwi kwenye mdomo wa mtutu akaanza kuisukuma na fimbo ya shaba, tok tok tok, polepole, mpaka ikadondokea upande wa pili kwenye kitambaa. Ilikuwa imetoka na matuta manne, ule mtutu ulikuwa umejichora wenyewe kwenye chubwi, mifereji yake minne.

"Pima."

Nikapima juu ya matuta. 8.08. Pima kichwa cha zamani. 8.08. Pima kipya. 8.20. Tofauti ya unywele mmoja mnene, au miwili ukipenda. Nikamwangalia kama nauliza kwani hiyo ni kitu.

Akaniambia habari yenyewe. Zile 318 na 323 si namba za mzigo, ni upana wa kichwa kwa elfu za inchi. Wajerumani walianza na bunduki ya jeshi ya mwaka 1888, kichwa cha risasi yake kama milimita 8.1, mviringo mbele. Mwaka 1905 jeshi likahamia risasi iliyochongoka, na mtutu wake mpana zaidi, 8.2, ila ganda halikubadilika, milimita 57 ileile. Halafu wawindaji nao wabishi, wakaendelea kuagiza mitutu ya kipimo cha zamani miaka mingi tu. Kwa hiyo ziko bunduki za aina mbili zina jina karibu moja, ya mtutu mpana ina S, ya kipimo cha zamani ina J, na hiyo J wala si J, ni I ya "infanteri", askari wa miguu, herufi yao ya zamani watu waliisoma vibaya ikabaki hivyohivyo. Ukipiga kichwa cha 8.20 kwenye mtutu wa 8.08 ile shaba inabidi ijibane ipite, na wakati inajibana moshi wa baruti hauna pa kwenda.

"Labda ingepiga tu," akasema. "Bunduki hii ina nguvu. Labda boliti ingenirudia hapa." Akagusa chini ya jicho. "Na baruti ni ya kopo lipi?"

Hapo ndo nikaishiwa. Makopo yalikuwa yamekaa pamoja, sikuandika, na kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka ningeapa kwa lolote kati ya hayo mawili. Mzee akasubiri sana. Nikasema ukweli kwamba sikumbuki.

Akanipa nyundo. Si nyundo ya kawaida, ni ya plastiki ina tundu kichwani, unaitia risasi humo unaifunga, unagonga kwenye gogo, kichwa kinachomoka kwa ule mshtuko na baruti inamwagikia mle ndani. Ya kawaida inatoka kwa mapigo matatu manne. Zangu nilikuwa nimezishindilia mwenyewe, zilikuwa zinataka manane, tisa. Kuna moja nililia kabisa. Baruti yote aliikusanya kwenye sahani akaenda kuimwaga kwenye mawaridi ya mkewe, maana baruti isiyojulikana jina hairudi kopo lolote, na vilevile ina mbolea ndani yake. Baruti yenyewe jinsi ilivyokuwa haipatikani, nilivyoona sahani ya pili inakwenda bustanini nilitamani anikate mshahara.

Mpaka saa mbili usiku viganja vimetoka malengelenge na nimemaliza. Mzee akahesabu. Thelathini na tisa.

Akahesabu tena. Tukasogeza meza, tukamulika tochi chini ya makabati, tukamwaga ndoo ya takataka, na mimi katika kutafuta kote huko sikukumbuka kitu mpaka mama wa jikoni alipokuja kuuliza mbona chakula kinapoa, mjomba mwenyewe hajarudi. Mjomba! Risasi ilikuwa kwa mjomba. Na mjomba Ijumaa jioni kila mtu anajua alipo.

Nikasema niende nikamfuate, mzee akakataa, akasema tutakaa hapa. Tukakaa. Baridi ile, kandili, sahani mbili za makande zimeganda. Saa nne kasoro tukasikia Land Rover inapanda kwa gia ya kwanza njia nzima, mjomba akashuka ananukia mbege, akashtuka kumkuta bwana mkubwa karakanani saa zile, "shikamoo mzee, kuna nini tena?"

"Risasi," mzee akasema.

Mjomba akaingiza mkono mfukoni akatoa funguo, akatoa kiberiti, sarafu, kipande cha ndizi ya kuchoma kimefungwa kwenye gazeti, na mwisho kabisa akaitoa, imeng'aa kwa kusuguliwa, inaonekana ilizungushwa kilabu kizima watu waone kazi ya mpwa wake. Mzee akaipokea, akaifuta majivu ya ndizi kwa shati lake, akanikabidhi.

Hiyo moja ilitoka kwa mapigo kumi na moja.