Biskuti za bibi wa Georgia: jinsi nilivyozizuia kusambaa

Bibi yake mume wangu ni mtu wa Georgia, kusini mwa Marekani. Biskuti zake, zile wanazoziita tea cakes, huwa nene, laini katikati, zinanukia kungumanga. Zangu, mara nne mfululizo, zilisambaa kwenye trei zikawa kama chapati, tena ngumu ukingoni. Iliniuma, maana nataka mwanangu akue akizijua za kwao.

Nilishuku oveni kwanza. Nikanunua kipimajoto: nyuzi 175 za Selsiasi, sawasawa. Nikapunguza sukari, zikazidi ugumu.

Mwishowe nikaenda kukaa na bibi jikoni kwake. Siagi yake ilikuwa imelainika tu, kidole kinazama lakini haijayeyuka. Mimi nilikuwa naiyeyusha kwenye sufuria ili niwahi. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa unapoipiga na sukari, na donge linatiririka kabla halijaiva. Halafu unga. Yeye hutumia White Lily, unga wa ngano laini unaopendwa sana Kusini, wenye protini kidogo kuliko wangu wa kawaida. Unga wenye protini nyingi ukilowa mtindi na kukandwa sana, ndiyo ule ugumu.

Sasa nachanganya mpaka unga mkavu upotee, basi. Donge linakaa kwenye friji saa nzima, nalikata unene wa sentimita 1, naoka dakika 10 hadi 12, nazitoa zingali zimepauka juu. Bibi alionja moja, akanyoosha mkono kuchukua ya pili.