Kuchagua kabureta ya DT 125 kwa anayepanda na kushuka Bonde la Ufa

Wenye pikipiki za Yamaha DT 125 huniuliza mara kwa mara swali lile lile: kabureta iliyokuja na pikipiki imechakaa, slaidi (kipande kinachopanda na kushuka kufungua njia ya hewa) inacheza ndani ya nyumba yake, injini haitulii inapounguruma polepole, je, ninunue ipi? Mara nyingi anayeuliza ameshachagua moyoni, na alichochagua ni kabureta yenye tundu la milimita 32 au hata 34, kwa imani kwamba tundu likiwa pana nguvu nazo zitaongezeka. Mimi humshauri aanze kwingine. Achague kabureta ambayo jeti (vipande vyenye tundu la kupitishia petroli) na sindano zake (fito nyembamba zinazoning'inia kwenye slaidi na kupima petroli) zinapatikana, na ambayo yeye mwenyewe au fundi wake anaweza kuirekebisha ifae mwinuko wa mahali anapoendesha; upana wa tundu uje baada ya hayo.

Nasisitiza mwinuko kwa sababu nchi yetu ya Kenya haina tambarare moja. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, na Limuru inapita mita 2,200. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kwa makadirio ya haraka inapoteza karibu asilimia 1 ya uzito wake kwa kila mita 100. Jeti, kwa upande wake, ni kipande cha shaba chenye tundu lisilobadilika. Petroli inayopita humo hupungua kidogo hewa inapokuwa nyepesi, lakini haipungui kwa kiasi hewa ilivyopungua, na matokeo yake ni mchanganyiko mzito, yaani petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji: pikipiki inakohoa, inatoa moshi mwingi, na plagi inatoka nyeusi na yenye unyevu. Ukishuka, mambo yanageuka. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani petroli ni chache kwa hewa iliyopo, na katika injini ya tustroki kama ya DT ukavu ni hatari kubwa, kwa kuwa petroli husaidia kupoza pistoni, na kwa wale wanaochanganya oili ndani ya tangi, petroli ikipungua oili nayo imepungua. Hapo ndipo injini inaponoki, pistoni ikakwama ndani ya silinda.

Mfano mzuri ni barabara ya Magadi. Ukitoka Kiserian na kufika Corner Baridi, bonde lote liko chini yako, na kutoka hapo hadi Ziwa Magadi utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000. Sehemu ya tofauti hiyo hufidiwa na joto, kwa sababu hewa ya moto nayo ni nyepesi, hivyo mchana wa Magadi haudai jeti kubwa kama hesabu ya mwinuko peke yake inavyoonyesha. Alfajiri ni jambo jingine. Hewa ikiwa imepoa na pikipiki ikiwa bado ina jeti zilizopangwa kwa mwinuko wa Ngong, kule juu ya bonde, hapo ndipo injini iko karibu zaidi na hatari, na ndipo wengi hufungulia mafuta kwa nguvu kwa kuwa njia ni nyeupe.

Sasa turudi kwenye upana wa tundu. Kabureta huinua petroli kutokana na kasi ya hewa inayopita koo lake. Hewa ikienda kasi, mgandamizo unapungua na petroli inavutwa juu kupitia jeti. Mto hukimbia penye mlango mwembamba na kulala penye upana, na hewa ni hivyo hivyo. Injini ya sentimita za ujazo 125 iliyotengenezwa kwa kazi za mashambani, yenye bandari za silinda (matundu ya kupitishia hewa na moshi) zilizokusudiwa kuvuta kwa mizunguko ya chini, haiwezi kuivuta hewa kwa kasi ya kutosha kupitia koo la milimita 34 ukiwa unapanda mlima wa mawe kwa robo ya akseleta. Mvuto unakuwa dhaifu, petroli inafika kwa kuchelewa, na pikipiki inazubaa pale unapoihitaji zaidi. Kwa DT ambayo silinda yake haijachongwa ili kuongezwa nguvu, mimi sivuki milimita 28. Anayeendesha Yamaha YZ 250 au KTM 300 yuko katika ulimwengu mwingine, kwani injini hizo hutumia milimita 36 na 38 bila shida.

Katika ukubwa huo wa 28, chaguo langu ni kati ya kabureta za Mikuni na Keihin, zote za Kijapani. Familia ya VM ya Mikuni ina slaidi ya mviringo; ni ya zamani, mafundi wengi wanaifahamu, na jeti zake ni rahisi kupata. Familia ya TM ina slaidi bapa, ambayo huacha koo likiwa safi zaidi inapofunguka, hivyo mkono ukivuta injini inaitika upesi. PWK ya Keihin ina slaidi yenye umbo la herufi D, na ndiyo iliyokuwa kipenzi cha waendeshaji wa enduro, yaani mbio za njia mbovu za porini na milimani, kwa miaka mingi. KTM waliitumia katika pikipiki zao za 250 na 300 kabla ya kuhamia Mikuni TMX mwaka 2017 na kisha mfumo wa kupuliza mafuta bila kabureta (fuel injection). Kwa mtu anayeendesha kwa utulivu na anayetaka amani, VM inatosha kabisa. Kwa anayepanda miamba na kutaka jibu la haraka mkononi, ningeongeza pesa nimpe PWK au TM. Kuna pia Lectron ya Marekani, ambayo badala ya jeti za kawaida hutumia ufito uliochongwa unaoinuka pamoja na slaidi, na wanaoitumia huisifu kwa kuvumilia mabadiliko ya mwinuko. Ni kitu kizuri, lakini bei yake kwa DT ya umri huu siioni kuwa halali.

Angalizo moja kuhusu namba. Jeti kuu za Keihin zimeandikwa kwa kufuata kipenyo cha tundu, ilhali zile za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita zimeandikwa kwa kufuata kiasi cha mafuta yanayopita. Kwa hiyo 160 ya huku si 160 ya kule, na anayehamisha namba kutoka kabureta moja hadi nyingine anajitafutia hasara. Ndani ya familia moja namba zina maana: jeti ya Keihin ya 170 iliyokaa sawa Mombasa inaweza kushuka hadi 162 au 165 Nairobi.

Madukani PWK nyingi ni nakala. Usiitazame nembo, maana nembo ni rahisi kuichora. Chomoa slaidi uielekeze kwenye mwanga. Ile halisi ina uso laini na kingo zilizokatwa sawasawa. Nakala mbaya utaona mistari ya kifaa kilichoikata na kingo zenye vinywele vya chuma, ambavyo baadaye hukwaruza nyumba ya slaidi na kuifanya ikwame. Irudishe bila springi, uinamishe kabureta, usikilize: inapaswa kuteleza kwa uzito wake bila kugongagonga pembeni. Kisha toa jeti mbili zenye namba tofauti uzitazame juani kwa pamoja. Nimewahi kushika jeti mbili za nakala, moja 155 na nyingine 165, ambazo matundu yake jicho halikuweza kuyatofautisha. Kwa jeti za namna hiyo huwezi kurekebisha chochote.

Kabla hujalipa, pima pia mpira unaoshika kabureta upande wa injini na ule wa upande wa chujio. Ukilazimika kukaza kwa nguvu ili mpira ufikie, hewa itaingia pembeni, na hewa hiyo hukausha mchanganyiko bila wewe kuiona. Halafu ipo pampu ya oili. DT nyingi zina mfumo wa Autolube, yaani pampu inayoipa injini oili kutoka tangi lake yenyewe, ambao kebo yake hugawanyika kutoka ya akseleta, na katika baadhi ya modeli bomba dogo la oili huingia kwenye mwili wa kabureta yenyewe. Kabureta mpya isiyo na tundu la bomba hilo inakulazimisha kuchagua: ama uliingize kwenye shingo ya kuingiza hewa, kazi ya fundi makini, ama uzibe pampu na kuchanganya oili ndani ya tangi. Nimeona mtu akifunga kabureta nzuri na kuliacha bomba la oili likining'inia. Pistoni haikumaliza wiki. Na hata bomba likiwa mahali pake, kebo ya pampu lazima ipangwe upya, kwa sababu mwendo wa slaidi mpya si ule wa zamani.

Ikishafungwa, anza na kimo cha floti (boya linalodhibiti kiasi cha petroli ndani ya kabureta), kisha jeti ndogo na skrubu ya hewa, kisha sindano, na jeti kuu mwishoni. Jeti ndogo inatawala hadi karibu robo ya akseleta, sindano kutoka hapo hadi robo tatu, na jeti kuu juu yake. Fanya kazi hiyo injini ikiwa imepata moto, na anza upande mzito, ukipunguza hatua moja moja. Ukipanga kushuka Magadi, weka jeti ya hatua moja au mbili juu ya ile ya Ngong hata kama pikipiki itakohoa kidogo Kiserian, na kwenye mteremko mrefu usiache akseleta imefungwa huku injini ikizungushwa kwa kasi na gia. Vuta mafuta kidogo kila baada ya muda, au shika klachi, ili silinda ipate oili. Jeti zilizobaki, pamoja na bisibisi inayoziingia vizuri, zibebe kwenye mfuko wa vifaa.