Kabla hujanunua eksozi ya supabaiki, soma kwanza namba ya fremu

Kama una supabaiki, yaani pikipiki kubwa ya spoti, iliyotoka Japani moja kwa moja, kata usukani kushoto halafu chungulia shingo ya fremu upande wa kulia, utakuta namba imegongwa pale. Kwa Honda kama yangu, ikianza na JH2 na ukihesabu ni herufi na tarakimu 17, hiyo ilitengenezwa kwenda nje. Ikiwa imeandikwa PC37 (jina la kiwandani la CBR600RR za miaka ya yangu), kistari, halafu tarakimu tupu, hiyo walijitengenezea wenyewe watumie kwao, na hapo hesabu yote ya eksozi na filta na kompyuta inabadilika, usitoe hata shilingi kabla hujajua uko upande gani.

Yangu ni CBR600RR ya 2004, nimeinunua mtumba hapa Arusha kwa jamaa aliyeiagiza Japani akaitumia akaichoka. Ukisoma habari zake mtandaoni unakutana na farasi zaidi ya 110, mshale mwekundu kwenye mizunguko elfu 15 kwa dakika, wazungu wanaisifia kama nini. Sasa hii ya kwangu ilikuwa inavuta vizuri tu mpaka elfu kumi na kitu, halafu pale pale ambapo inatakiwa ndo iamke inabaki inapiga kelele tu haiendi. Fundi mmoja akasema pampu ya mafuta, mwingine klachi, mwingine akaishika shika akasema "hii imechoka mzee, uza". Kumbe pikipiki nzima kabisa, imefungwa tu.

Iko hivi. Viwanda vya Japani vilikuwa na makubaliano ya kwao wenyewe kwa wenyewe, pikipiki za kuuzwa ndani ya nchi zisipite nguvu fulani, ya injini ya cc 750 isizidi farasi 77, za juu ya hapo mwisho 100. Ni ukoo mmoja na zile gari, Skyline GT-R na Supra ya tabo, ambazo zote kwenye karatasi ziliandikwa farasi 280, na ndo ukoo ule ule wa dashibodi za magari yetu kuishia 180. Basi na hizi 600 zikapangwa chini ya 750, na CBR600RR ya Mjapani ikatoka kiwandani na farasi 69. Sitini na tisa! Injini ile ile, pistoni zile zile za milimita 67, kompresheni ile ile ya 12 kwa 1. Makubaliano ya pikipiki yalikuja kuondolewa 2007 lakini hizi za nyuma ya hapo ndo zinazojaa kwenye meli kuja kwetu maana ndo zenye bei tunayoiweza. Na huwa zinabanwa sehemu tatu, hewa inakoingia, moshi unakotokea, na kwenye kompyuta inayoamua mafuta na moto wa plagi.

Kwa hiyo mtu mwenye PC37 ya Japani akienda kununua silensa ya mamilioni akaichomeka, akaacha hayo mengine, anapata sauti basi. Nimewaona wengi sana.

Mimi sikuanza na eksozi. Nilianza na afya, na hapa niseme tu ukweli kwamba hii sehemu haina picha za kupendeza na huwezi kumringia mtu kijiweni, ila ndo iliyobadilisha pikipiki kuliko watu wanavyodhani. Valvu 16, kila moja ina kikombe na chini yake kidude kidogo cha chuma kinaitwa shimu, ukitaka kujua nafasi imebaki kiasi gani unapitisha fila geji, yaani visahani vyembamba vya kupimia, na ukitaka kurekebisha lazima utoe kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Kufika pale unatoa tangi, boksi la hewa, unasogeza na rejeta, ni kazi ya kutwa. Za moshi upande wangu tatu zilikuwa zimebana chini ya kipimo. Valvu ikibana haifungi sawasawa, kompresheni inavuja kidogo kidogo, asubuhi inawaka kwa shida, ukishapasha moto na kuzima ukitaka kuwasha tena ndo kabisa. Watu wanaita hali hiyo uzee wa injini.

Tukaosha nozeli pia, na huyu mnyama anazo nane, nne za chini zinafanya kazi muda wote na nne za juu zinaingia resi ikipanda na mafuta yakifunguliwa, kwa hiyo za juu zikiwa na uchafu mjini hutajua, utajua siku umefungua barabara ya Namanga. Tukalinganisha throto bodi zote nne, ile milango ya hewa ya kila silinda, kwa geji za vakyumu. Tukabadili kikaza cheni ya kamshafti maana springi yake ikishazeeka inaanza ule mlio wa kokoto kwenye bati, ukiupuuza cheni inaweza kuruka meno na hapo unaongelea injini nyingine. Plagi, kulanti, oili yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki, na hii oili naomba nisisitize, klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, ukiweka ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano klachi inateleza halafu unaanza kumsingizia fundi.

Hapo sijaongeza hata farasi mmoja na tayari ilikuwa pikipiki nyingine.

Sasa eksozi. Watu wanadhani eksozi ni tundu la kutolea moshi, ukilipanua basi pikipiki inapumua, na ndo maana utaona mtu kakata silensa kwa grainda akaacha bomba tupu. Kinachotokea ni kwamba valvu ya moshi ikifunguka, msukumo unakimbia ndani ya bomba, ukifika pale bomba linapokutana na wenzake likapanuka, kunarudi mvuto kinyumenyume kuelekea kwenye valvu. Mvuto huo ukifika wakati valvu ya hewa nayo imeshaanza kufunguka, unafyonza moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya iingie kabla hata pistoni haijaanza kushuka. Ukifika mapema au ukichelewa, hamna kitu, au unapoteza kabisa. Kwa hiyo urefu wa bomba na mahali zinapoungana ndo mpango mzima, na kwenye hizi injini za silinda nne kwa mstari silinda ya 1 inaungana na 4, ya 2 na 3, halafu ndo zinakuwa moja, mpangilio huo unasaidia nguvu za katikati. Silensa iko mwisho kabisa wa safari, kazi yake kubwa ni sauti na uzito.

Aliyewaonyesha watu hili ni mzee mmoja Mjapani, Hideo Yoshimura, wakimwita Pops, alianza 1954 kule Fukuoka kuchezea pikipiki za wanajeshi wa Marekani waliokuwa kambini, na mwaka 1971 akaipa Honda CB750 eksozi ya mabomba manne kuingia moja, kipindi hicho pikipiki za silinda nne zilikuwa zinatoka na mabomba manne. Halafu mwaka 1978 mashindano ya Suzuka kule Japani, ya kukimbia masaa nane mfululizo, yanafanyika kwa mara ya kwanza, karakana yake ikaja na Suzuki GS1000 ikawapiga viwanda vyenyewe pale pale nyumbani kwao. Ndo maana stika yake imejaa mpaka kwenye bodaboda za Kichina. Stika.

Yangu nilichofanya, nilitafuta heda, yale mabomba ya mwanzo yanayotoka kwenye injini, na bomba la kati la toleo la Ulaya, yale ya kiwandani kabisa, kutoka pikipiki iliyogongwa ikachinjwa, halafu mwishoni nikaweka silensa ya Yoshimura mtumba. Ya zamani niliipima kwenye mzani wa duka la nafaka, mwenye duka akabaki ananiangalia, nikakuta tofauti ni zaidi ya kilo mbili, na kwenye CBR600RR silensa inakaa chini ya siti ya abiria, juu kabisa, kwa hiyo kilo mbili za pale unazisikia ukiwa unailaza kwenye kona kuliko kilo mbili za chini ya injini. Joto la makalio limebaki lile lile, hilo halina dawa, ukipandisha mtu mpe pole mapema.

Kile kiziba sauti cha ndani nimekiacha. Wenzangu wanacheka ila mimi naishi kwenye nyumba ya kupanga na kuna watoto wachanga geti la pili, na isitoshe nikikitoa nguvu za chini zinapungua, nilijaribu.

Kompyuta ndo iliniumiza kichwa. Honda ya miaka hiyo haipimi hewa inayoingia moja kwa moja, ukifungua mafuta kidogo inakisia kwa shinikizo la ndani ya throto, ukifungua sana inakisia kwa pembe ya throto na resi, halafu inasoma kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani. Ukibadili eksozi na njia ya hewa jedwali halijui, linamwaga mafuta kiasi kile kile cha zamani, mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na injini inachemka. Na jedwali la Mjapani halikutaka uende popote, isitoshe linakata spidi kwenye 180. Kuna wanaochomeka kifaa kama Power Commander katikati ya waya, kinaongeza au kupunguza mafuta, kizuri, ila hakikatai amri ya kompyuta yenyewe kuhusu kikomo. Nikachukua kompyuta ya Ulaya, na hapa angalia sana, Honda nyingi zina HISS, ufunguo una chipu na kompyuta inautambua ufunguo wake tu, kwa hiyo ukiuziwa kompyuta peke yake umenunua kiboksi cha kuwekea karatasi zisipeperuke. Nilichukua kompyuta na swichi na ufunguo wake, vyote kutoka pikipiki moja.

Power Commander nikaiweka baadaye juu ya hapo, kwa sababu ya silensa na filta. Mashine ya kupimia nguvu za pikipiki sina, nilichomelea kitundu kwenye heda nikaweka senza ya lambda ya waidibendi, inayosoma kwenye moshi mchanganyiko wa hewa na mafuta ukoje, rafiki yangu akawa anarekodi kwenye laptopu, tukawa tunaenda barabara ya Longido alfajiri kabla malori hayajajaa. Nilikuwa natafuta hewa 13 kwa mafuta 1 hivi mafuta yakiwa wazi kabisa. Kwenye elfu sita mpaka nane ilikuwa kavu, tukaongeza asilimia chache, juu tukapunguza. Ile raha ya kuona namba imetulia sijui nikuelezeje.

Sproketi ya mbele nimetoka meno 16 kwenda 15. Hiyo ni karibu asilimia 7 ya mvuto kwenye kila gia, sawa na kuongeza meno matatu nyuma, kwa bei ya nyama choma na soda. Kama una hela ya kitu kimoja tu mwaka huu, nunua hiki. Spidi ya mwisho unapoteza kidogo, sasa we unaenda wapi na 240? Ila senza ya spidi iko kwenye gia boksi kwa hiyo spidomita inadanganya kwenda juu, ukiona 53 uko kama 50, na kwa hawa ndugu zetu wa tochi pale Usa River huo ni uongo wenye faida.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna duka litakuuzia. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho. Yaani zile 69 za Mjapani huku juu hazifiki hata 60, na hizi za yangu ya sasa baada ya kufunguliwa, zinazotakiwa kuwa mia na kitu, ni kama 98 hivi. Niliposhuka nayo Tanga, kuanzia Mombo kuja Korogwe nikaanza kuona inavuta tofauti, Segera nikasimama nikidhani labda cheni imelegea au nimeachia breki iliyokuwa inashika. Hakuna eksozi duniani inayokupa kile ambacho Tanga inakupa bure. Kwa hiyo jamaa wa Dar akikuandikia namba zake usiumie.

Kuna wanaoniambia sasa fungua injini, weka kamshafti za resi, gasketi nyembamba, pistoni za kompresheni kubwa. Hapana. Hii injini kompresheni yake tayari ni 12, ukipandisha unaanza kuchagua sheli kwa wasiwasi, kamshafti kali zinachukua nguvu za chini zinazipeleka juu ya elfu 12 ambako kwa barabara zetu zenye matuta na punda unafika mara ngapi, na bei ya kazi hiyo ikiwa safi unapata 600 nyingine nzima. Mtu mwenye uwanja wa resi karibu afanye, mimi karibu yangu ni Kilombero na Sakina, hapa hapa Arusha mjini.

Hela iliyobaki imeenda kwenye tairi, pedi za breki na oili ya shoki za mbele. Shoki ya nyuma ndo imekufa, nikipita matuta ya Tengeru inaruka kama mbuzi, kwa hiyo kama kuna mtu ana ya PC37 isiyovuja na hana mpango nayo, anitafute, tutaelewana bei.