Siku moja maishani mwangu: natunga vipande vya piano vya ki-Baroko kwa wanaoanza

Saa 11 alfajiri nishaamka, chai ya rangi pembeni, hedifoni masikioni maana nyumba nzima bado imelala. Huu ndo muda wangu wa kutunga. Leo niko na minueti ya G (densi ya zamani ya Ulaya ya mapigo matatu), baa 16, yaani vipande 16 vya mapigo matatu matatu, nane za kwanza zinaishia D, nane za pili zinarudi G.

Kwa nini Baroko, muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 hadi katikati ya 1700? Wengi hapa Dar wanaanzia kinanda kanisani, mkono wa kulia unashika melodi, wa kushoto unabonyeza kodi (nota kadhaa kwa pamoja) basi, na mtu anaweza kwenda hivyo miaka na miaka mkono wa kushoto haujawahi kuimba. Bach, mtunzi Mjerumani wa enzi hizo, alilifanyia kazi jambo hili, zile Inventions zake, vipande vifupi 15 vya sauti mbili, yaani melodi mbili kwa pamoja, ukurasa wa mbele wa 1723 unasema wazi ni za kumfunza mtu apige sauti mbili kwa usafi na apige kama anaimba. Ila kwa anayeanza ni ngumu jamani, anahitaji ngazi za chini kwanza, na hizo ndo natunga.

Saa 1 asubuhi nakagua baa ya tano na ya sita. Kulia D kushoto G, halafu kulia E kushoto A, umbali uleule wa nota tano mara mbili mfululizo, mtindo huu haukubali kwa sababu sauti mbili zinaanza kusikika kama moja. Kushoto naishusha kutoka G hadi C, kulia inapanda kushoto inashuka, kila mkono una safari yake. Na hata kimkono kidogo kinafika, G kidole cha 1, C kidole cha 5.

Saa 4 naingiza kwenye MuseScore, programu ya kuandikia nota. Alama za sauti kubwa na ndogo siweki kabisa. Harpsichord, kinanda cha enzi hizo, nyuzi zake zinadonolewa, ubonyeze kwa nguvu ubonyeze taratibu sauti karibu ni ileile, kwa hiyo uhai unatoka kwenye kukata na kuunganisha nota. Hapa ndo napapenda sana, maana wanafunzi wangu wengi wana kinanda cha funguo 61 kisichosikia nguvu ya kidole, na watu huwaambia hicho si cha kujifunzia. Funguo 61 ni oktevu tano (C hadi C inayofuata ni oktevu moja), harpsichord nyingi hazikuzidi hapo! Muziki huu unawaenea kabisa.

Mchana kula, daladala, foleni.

Saa 10 jioni, "Shikamoo ticha," "Marahaba, haya kaa." Ana miaka tisa. Kwanza aimbe mkono wa kushoto huku anapiga makofi, moja mbili tatu, halafu aupige peke yake, halafu apige kushoto mimi nipige kulia. Kulia hagusi mpaka kushoto kumekaa. Baa ya 15 nimemwekea trili fupi (nota mbili jirani zinapishana haraka) inayoanzia nota ya juu kama zamani zile, ameirudia mpaka mama yake akaja kuchungulia. Akiiva hapa atapewa ile minueti maarufu ya G iliyomo kwenye daftari la Anna Magdalena, mke wa Bach, la 1725, ambayo wengi bado wanaiita ya Bach wakati mwenyewe ni Christian Petzold.

Saa 2 usiku narekebisha namba za vidole, natuma PDF WhatsApp kwa wazazi. Kesho gavoti, densi nyingine ya zamani, ile inaanzia katikati ya baa, na safari hii melodi naianzisha kushoto.